Ngalawa hufia mchangani

Kinole haina bahari. Kijiji kimekaa kwenye mteremko wa mashariki wa Milima ya Uluguru, Morogoro Vijijini, katikati ya mikarafuu, mifenesi, migomba na mashamba ya mananasi, na mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuona tanga kwa macho yake. Hata hivyo, upepo unaosukuma ngalawa za Bagamoyo ndio huohuo unaopanda mlima huu na kuuangushia mvua. Kinole na pwani zinaishi kwa kalenda moja. Aprili, mkulima wa Kinole anaporudi shambani ameloa chapachapa, mwenye ngalawa wa Bagamoyo ameshakivuta chombo chake juu ya mchanga, amekilaza kwenye magogo, ameshusha foromali na kukunja tanga.

Hapo ndipo shida yake inapoanza.

Chombo kidogo cha tanga, kwa kawaida, hakifi baharini. Kinafia nchi kavu, katika miezi ambayo mwenyewe hana kipato na chombo kinadai mbao, misumari, pamba na kitambaa. Bahari ikitulia, aliyepata fedha hurudi majini. Aliyekosa hukiacha chombo kikauke na kupasuka, akaenda kuwa baharia kwenye chombo cha mtu mwingine au akahamia mjini kutafuta kibarua. Kwa hiyo anayetaka kweli kuwasaidia wenye ngalawa, dau na mashua amkute mtu huyu mchangani wakati wa masika, si majini wakati wa neema. Na anayetafuta mbao za kumsaidia, njia mojawapo inapita Kinole.

Tuanze na upepo, maana ndio unaoamua yote. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani ya Afrika Mashariki iko chini ya kaskazi, upepo ambao mvuvi anaweza kuutegemea kwa kwenda na kwa kurudi. Machi ikielekea ukingoni kaskazi hulegea, upepo hugeukageuka, mawingu hujaa na masika huingia. Kisha kusi hushika, na kufika Juni na Julai huwa imepamba moto. Hewa ya kusi imekusanya unyevu juu ya Bahari ya Hindi. Inapofika Uluguru inakutana na mlima ambao kilele chake, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Inalazimika kupanda, inapoa, na unyevu unaanguka. Ndiyo sababu upande wa mashariki, ilipo Kinole, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali upande wa pili wa safu hiyohiyo hupata pungufu sana. Vijito vya mteremko huu huingia Mto Ruvu. Dar es Salaam hunywa kutoka humo kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na maji yanayobaki huingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, yamebeba udongo wa milimani, si mbali na pale ngalawa zilipolazwa.

Waluguru waliupa uhusiano wa mlima na mvua uzito wake tangu zamani. Kingalu, chifu ambaye makao yake yako Kinole, alisifika mbali kwa kuleta mvua, na heshima ya ukoo wake ilisimama juu ya jambo hilo kuliko juu ya mikuki. Mvua aliyoombwa ilikuwa ikitoka baharini, na kwa bahari hiyohiyo ilikuwa ishara ya kufunga msimu.

Kwa vyombo vikubwa vya zamani, mwisho wa msimu ulikuwa mwanzo wa safari ya kurudi. Majahazi ya Arabuni na Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakauza tende na chumvi, yakapakia boriti, kisha yakaondoka kusi ilipoanza kuvuma. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika chombo cha Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939 chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika Zanzibar na delta ya Rufiji walikopakia boriti za mikoko, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 kinaonyesha jinsi kila uamuzi wa nahodha ulivyopimwa kwa kugeuka kwa upepo. Jahazi lilikuwa na pa kwenda. Ngalawa haina. Upepo ukigeuka, mwenye ngalawa hasafiri kurudi popote; amefika kwao tayari, na kinachobaki ni kukivuta chombo juu na kusubiri.

Na kuna sababu nzito ya kusubiri. Vimbunga vichache vinavyoifikia pwani yetu vina tabia ya kuja katika majira haya haya. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu. Aprili 1952 zamu ilikuwa ya Lindi. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani ya Tanzania kikafifia kabla ya kuleta maafa. Mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kutoa tahadhari, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Wazee waliozoea kuvuta vyombo kabla masika haijakolea hawakuwa na satelaiti, lakini hesabu yao ya miezi ilikuwa sahihi.

Sasa tukisogelee chombo chenyewe pale mchangani, maana gharama yake haionekani kwa mbali.

Kuvuta hungoja bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine, ili chombo kielee hadi juu kabisa na watu wasichoke bure. Kikishatua juu ya magogo, kwanza huachwa kikauke. Kisha chini yake huwashwa makuti makavu, moto mwepesi wa kupitapita, kuwaua wadudu wa baharini wanaotoboa mbao na kuacha tundu ambazo jicho halizioni hadi fundi agonge kwa nyundo na kusikia sauti ya uwazi. Mbao iliyooza hutolewa na nyingine hupachikwa. Kwa dau na mashua, ambazo mbao zake zimeunganishwa kwa misumari, kazi inayokula siku ni kalafati: uzi wa pamba uliolowekwa mafuta husokotwa na kupigiliwa kwenye kila ufa kwa patasi na nyundo, hatua kwa hatua, tangu omo hadi tezi. Fundi mzuri hajui tu nguvu ya kupiga. Anajua pia pa kuacha. Pamba ikikazwa mno, mbao zikinywa maji zitavimba na kusukumana. Ikilegea, chombo kitavuja siku ya kwanza na kijana atashinda akichota ngama badala ya kuvua. Baada ya hapo sehemu ya chini hupakwa deheni, chokaa iliyofinyangwa na mafuta ya wanyama, na sehemu ya juu husuguliwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake hukaa kwenye nguo kwa wiki.

Ngalawa ina madai yake. Mwili wake ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na pande zote mbili hushikwa na mirengu inayobeba matengo. Gogo likipasuka, huwezi kubadilisha ubao mmoja na kusema umemaliza. Utaziba kwa kipande cha mbao na misumari, mwaka mmoja, miwili, hadi viraka vizidi mwili wenyewe. Kisha unahitaji mwembe mwingine mnene na ulionyooka, na miembe ya namna hiyo karibu na pwani imekuwa adimu. Tanga nalo limechoka kwa jua. Kitambaa kipya cha turubai ni ghali, kwa hiyo matanga mengi siku hizi yanashonwa kwa mifuko ya unga na ya mchele iliyofumuliwa, na upepo wa kusi hauhurumii mshono wa namna hiyo.

Mambo yote haya yanadaiwa kwa mpigo mmoja, katika miezi ambayo chombo hakileti hata kitoweo. Mgao wa kawaida wa uvuvi wa pwani, ukishatoa gharama za safari, una fungu la chombo, fungu la nyavu na mafungu ya watu. Viwango hutofautiana mahali na mahali. Fungu la chombo ndilo lililokusudiwa kuwa akiba ya matengenezo. Kwa familia ya mvuvi mwenye chombo kimoja, fungu hilo limeshalipa ada, daktari na mchele kabla kaskazi haijaisha. Mwenye chombo akienda kukopa Aprili, mkopeshaji anamtaka aanze marejesho Mei. Atalipa na nini?

Wapo wanaolipa kwa kuingia baharini wakati ambao wao wenyewe wanajua si wa kuingia. Chombo hakijakauka vizuri, kalafati ni ya mwaka juzi, bahari imechafuka, lakini siku ya rejesho imefika. Hatari hii haitibiwi kwa semina ya usalama peke yake. Taarifa ya hali ya hewa inamfikia kwenye simu, anaisoma na kuielewa. Kinachomsukuma ni deni lililopangwa na mtu ambaye hakuangalia upepo.

Serikali inajua kupanga fedha kwa majira pale inapotaka. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima aliyesajiliwa hununua mbolea yenye ruzuku, na hakuna anayeshangaa kwamba mbolea hiyo inatakiwa kufika kabla ya mvua na si baada ya mavuno. Mkulima wa Kinole akicheleweshewa pembejeo, diwani atasikia. Mwenye ngalawa wa Bagamoyo ana msimu uleule, umegeuzwa tu: mvua ya mkulima ndiyo njaa yake. Lakini mikopo anayoonyeshwa haina msimu wowote ndani yake.

Tutazame iliyopo. Kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, serikali imekopesha wavuvi boti za kisasa bila riba. Hatua hiyo inastahili pongezi. Boti ya faiba yenye injini inafika mbali, inabeba barafu na haiogopi wadudu wa mbao. Ila ni chombo cha kikundi chenye uwezo wa kununua mafuta. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kukopesha vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii nayo imewainua wengi. Lakini mwanamume wa miaka 55 mwenye dau moja na mabaharia watatu hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, na dau lake likioza hao vijana watatu wanakosa kazi pamoja naye.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko boti. Ni mkopo wa matengenezo, wa kiasi cha mbao, pamba, misumari na tanga, unaotolewa Machi au Aprili, ulipwe kuanzia Oktoba bahari inapotulia, na usidai hata shilingi katikati. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vilivyopo katika vijiji vya pwani vinamjua kila mwenye chombo, vinajua nani anatunza na nani anatelekeza. Dhamana iwe maneno yao na chombo chenyewe kilicholala mchangani, ambacho mtu yeyote anaweza kwenda kukigonga na kuona kama fedha imetumika. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo ndilo linalosimamia usalama wa vyombo Tanzania Bara, lingepanga ukaguzi wake wa vyombo vidogo vya tanga katika miezi hiyohiyo. Mkaguzi anayefika chombo kikiwa juu ya magogo anaona chini yake. Anayefika kikiwa kinaelea anaona rangi tu.

Kuna watakaosema tanga limepitwa na wakati, na kwamba fedha ya umma itumike kuwahamishia watu kwenye injini. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, maana injini imeokoa maisha na imefupisha safari nyingi. Lakini Agosti 2023 bei ya petroli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mvuvi wa ngalawa anayetega madema ndani ya miamba, asubuhi kwenda na alasiri kurudi, hana samaki wa kulipa bei hiyo kila siku. Kwake upepo ni mafuta ambayo mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, haiyapangii bei. Pwani ya Tanzania ina urefu wa kilomita 1,424, na kwenye vijiji vingi vya pwani hiyo na visiwa vyake tanga bado ndilo linaloleta kitoweo cha jioni. Kumwambia mtu huyo asubiri injini ni kumwambia akae mchangani.

Tena chombo kikishapotea, ujuzi hupotea nacho, na hilo tumeshaliona. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, uliwahi kusafiri pwani hii yote, kisha ukatoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi walipounda mfano wake Zanzibar kwa ajili ya kuonyeshwa katika jengo la makumbusho la Beit al-Ajaib, walilazimika kutegemea michoro, vifani na kumbukumbu za zamani kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kuushona kwa riziki. Hata makao hayo ya mfano hayakudumu: Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden zilikwenda mapema: Desemba 2021 UNESCO iliingiza ujuzi wao wa kuunda mashua za mbao na kuzitumia katika orodha ya urithi usioshikika, wakati mafundi bado wapo na vijana bado wanajifunza. Nchi hizo si maskini wa injini. Zimeona tu kwamba kuendeleza kazi ni rahisi kuliko kuifufua.

Lamu wamejaribu njia nyingine. Flipflopi, chombo cha takriban mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa rangi za kandambili kuukuu, kilishushwa majini 2018, na mapema 2019 kikasafiri na kaskazi kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa karibu kilomita 500. Fundi mkuu, Ali Skanda, na wenzake walitumia mikono na macho yaleyale ya kuundia majahazi ya mbao. Ubao wa plastiki unaweza kufika siku moja hadi Bagamoyo na Kilwa. Kwa sasa mwenye dau anahitaji mti.

Na mti unaturudisha Kinole.

Fundi wa chombo hatafuti mbao zilizonyooka peke yake. Mkuku na mbao za ubavuni, ndiyo, zinataka gogo refu. Lakini ndani ya kila dau na kila mashua kuna mataruma, zile mbavu zinazoshika umbo, na mbavu nzuri haikatwi kwa msumeno kutoka kwenye ubao ulionyooka. Mbao iliyonyooka ikikatwa kwa duara nyuzi zake hukatika, na siku ya mawimbi huvunjika hapo hapo. Fundi anatafuta tawi lililokua likiwa limepinda, ambalo nyuzi zake zinafuata mpindo wenyewe. Mfenesi na mwembe ni miti inayompa matawi hayo. Mbao ya mfenesi ni ya manjano ikikatwa, huiva kuwa ya kahawia kadiri miaka inavyopita, na mafundi wa Zanzibar wamekuwa wakiitumia kwa muda mrefu.

Sasa mtu apande kutoka barabara ya Bigwa hadi Kisaki kuelekea Kinole aangalie mashambani. Mfenesi uko kila mahali. Umesimama pembeni ya nyumba, umesimama katikati ya mikarafuu, pilipili manga imepanda juu ya shina lake. Panga likigusa tawi, utomvu mweupe unanata hadi kwenye mpini na mkulima anaufuta kwa majani ya mgomba. Mti huo hufanya kazi ukiwa unakua: unatoa fenesi la kuuza, unatoa kivuli, unashikilia mpilipili. Matawi yake yanapopunguzwa ili mwanga ufike chini, yanakuwa kuni. Mwenye msumeno wa mbao hayataki, yamepinda. Matawi hayo hayo yaliyopinda ndiyo fundi wa Bagamoyo anayoyahangaikia, na kati yao ipo barabara ya lami kutoka Morogoro hadi Chalinze, Msata na Bagamoyo.

Biashara hii inaweza kuwepo bila kugusa msitu wa asili hata kidogo, na ni lazima iwe hivyo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyotangazwa 2008, yenye zaidi ya hekta 24,000, ndiyo inayoshika maji ya Ruvu. Msitu mdogo wa Kimboza ulio chini kidogo, hekta zisizozidi 410 juu ya miamba ya chokaa, ndimo anamoishi mjusi mdogo wa buluu mwenye makazi finyu mno duniani. Mvule na mkangazi wa misitu hii si wa ngalawa ya mtu. Ukiuvua mlima miti yake, udongo utateremka na Ruvu hadi kwenye mlango wa mto, na mvuvi ndiye atakayevua kwenye tope. Mti wa shambani ndio wenye nafasi, na mti wa shambani unapandwa na mtu.

Hapa kuna kikwazo ambacho maofisa wa mipango hukisahau. Ardhi ya Waluguru kwa desturi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mtu anaweza kulima mahindi kwenye shamba la ukoo wa baba yake bila ugomvi, lakini akipanda mti wa kudumu maswali yanaanza, kwa sababu mti wa miaka mingi ni kama dai la ardhi. Mfenesi unaofaa kwa mataruma unataka miaka 20 na zaidi. Nani atauvuna, mwanawe au mpwawe? Jambo hili halitatuliwi kwa amri. Uluguru ina kumbukumbu ya amri: mpango wa Waingereza wa kulazimisha matuta milimani, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940, ulikataliwa na wananchi hadi ghasia za 1955, na serikali ya kikoloni ikaachana nao. Wazee wa koo za Kinole wakae wenyewe waamue kwamba mti utagawanywa namna gani kati ya aliyepanda na ukoo wenye ardhi, na maandishi ya makubaliano hayo yabaki ofisi ya kijiji.

Cha pili ni vibali. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka ruhusa ya kuvuna na hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na inataka hivyo kwa sababu nzuri. Lakini mkulima mwenye matawi kumi yaliyopinda hawezi kupitia hatua zilezile za mwenye lori la magogo. Gharama za kufuatilia zitapita bei ya matawi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, unaweza kuwa na utaratibu mwepesi wa miti ya matunda iliyopandwa mashambani, ikiorodheshwa na kijiji mwanzoni mwa mwaka, ili ofisa wa kizuizi cha barabarani ajue tawi hili limetoka kwenye mfenesi wa shamba na si kwenye msitu wa Kimboza. Orodha hiyo ingesaidia ulinzi wa msitu kuliko ilivyo sasa, maana kisichoorodheshwa ndicho rahisi kuchanganywa na cha wizi.

Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilipumzisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kigoma, Katavi na Rukwa zilijadili kwa sauti kubwa wavuvi watakula nini kwa miezi mitatu, na mjadala ule ulikuwa wa haki. Bahari ya Hindi hupunguza wavuvi wake wa tanga kila mwaka karibu katika miezi hiyohiyo, kwa mvua na kwa kusi, na hakuna anayeitisha mkutano kwa sababu hakuna aliyetia saini amri.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na madiwani hujadili makadirio ya halmashauri zao miezi kadhaa kabla ya hapo, kaskazi ikiwa bado inavuma na ngalawa zikiwa bado majini. Huo ndio wakati wa diwani wa Bagamoyo, wa Mafia na wa Kilwa kusimama na kuomba fungu la mikopo ya matengenezo yenye marejesho ya kuanzia Oktoba. Na ndio wakati wa diwani wa Kinole kuuliza kikaoni ni lini mkulima wake ataruhusiwa kuuza tawi la mfenesi hadi pwani kwa karatasi moja.